Wolcott Baba au Wolcott Mwana? Kuhusu karatasi ya Connecticut ya mwaka 1782

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Worcester, Massachusetts. Muuzaji wa vitu vya kale hapa jirani ana karatasi ya mwaka 1782 ya jimbo la Connecticut. Sehemu imechapwa, sehemu imeandikwa kwa mkono. Inaagiza askari mmoja alipwe pauni na shilingi kadhaa, na chini ina saini ya Oliver Wolcott. Muuzaji anasema huyo ni mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru wa Marekani, na anataka dola 900. Katikati imekatwa kwa kisu, umbo la msalaba. Je, ni halisi? Bei ni ya haki? Na mtu binafsi anaruhusiwa kweli kumiliki karatasi ya serikali? Ningependa kuendelea kukusanya hati kama hizi, ila mfuko wangu ni mdogo.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu wa Tanga. Nianze na lile la haraka, maana najua muuzaji anakusubiri: dola 900 usitoe. Karatasi huenda ni halisi, na mimi mwenyewe ningeitaka. Lakini kwa maelezo uliyonipa, Wolcott aliyeitia saini siye Wolcott anayetajwa na muuzaji wako, na bei yote imesimama juu ya huyo asiyehusika.

Walikuwa baba na mwana, jina moja. Oliver Wolcott baba, aliyezaliwa mwaka 1726, ndiye aliyetia saini Azimio la Uhuru, na alifariki Desemba 1797 akiwa gavana wa Connecticut. Mwana alizaliwa mwaka 1760, akasoma sheria, na mwaka 1781 akaenda Hartford kutafuta riziki. Huko akapata kazi kwenye ofisi iliyoitwa Pay-Table. Hiyo ilikuwa kamati ya jimbo iliyopokea madai ya askari na ya watu walioliuzia jeshi vyakula na vifaa, ikayakagua, kisha ikamwandikia mweka hazina amlipe mdai. Hati za malipo za kamati hiyo zimejaa saini ya kijana huyo. Baba yake wakati huo alikuwa na shughuli za ukubwa mwingine, kwenye baraza la gavana na kwenye Bunge la Muungano. Kukaa Hartford akiidhinisha malipo ya askari mmoja mmoja haikuwa kazi yake.

Wakati baba angali hai, mwana kwa kawaida alimalizia jina lake kwa "Jr." ndogo (kifupi cha "Junior", yaani mwana mwenye jina la baba), imepandishwa juu kidogo ya mstari. Hapo ndipo watu huumia. Herufi hizo hufifia, humezwa na mkia wa saini, au kisu cha msalaba hupita juu yake, na picha ya tangazo ikipunguzwa kidogo upande wa kulia, "Jr." imetoweka na bei imepanda mara nne. Simwiti muuzaji wako mwongo. Kosa hili hufanywa na watu waaminifu kila mwaka, kwa sababu wanasoma jina na hawasomi kazi.

Mwana naye si mtu wa kubezwa. Mwaka 1795 alimrithi Alexander Hamilton kwenye kiti cha waziri wa fedha wa Marekani, na kuanzia 1817 hadi 1827 alikuwa gavana wa Connecticut. Saini yake kwenye hati ya malipo ya kawaida, yenye hali nzuri, huuzwa kati ya dola 150 na 300. Hiyo ndiyo bei ya kujadiliana.

Sasa nikupe kanuni ninayoifuata kabla ya kununua chochote, kwa sababu itakusaidia kuliko kukariri maumbo ya saini. Ukishika hati ya kale ya serikali, jiulize kwanza: karatasi ya aina hii ilikuwa kazi ya ofisi gani? Katika mwaka huu, nani alikuwa na mamlaka ya kuisaini? Na nani mwingine alipaswa kuweka jina lake pembeni? Majimbo yale mapya yalikuwa maskini, lakini makarani wake walikuwa wakali wa utaratibu. Hati ikipungukiwa na mtu mmoja katika mlolongo huo, ina maelezo ya kutoa.

Chukua Massachusetts, jimbo unakoishi. John Hancock alikuwa gavana kuanzia 1780 hadi 1785, akarudi 1787 na kufia madarakani Oktoba 1793. Hati zake zinazopatikana zaidi ni za kuwapa vyeo maofisa wa wanamgambo wa jimbo na mahakimu wadogo: karatasi pana iliyochapwa, muhuri wa jimbo pembeni, saini ya gavana, na chini saini ya katibu wa jimbo. Katibu huyo, tangu 1780 hadi 1806, alikuwa mtu mmoja tu, John Avery. Kwa hiyo hati ya cheo yenye saini kubwa na nzuri ya Hancock kama gavana, halafu katibu ni mtu mwingine au hayupo, irudishe taratibu mezani. Samuel Adams aliyemfuata Hancock alikuwa na mkono wa kutetemeka uzeeni. Saini yake ya wakati huo huonekana kama ya mtu anayeandika ndani ya gari linalopita kwenye mashimo, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Ukiona Samuel Adams wa 1795 aliyenyooka kama mstari wa rula, hapo ndipo pa kushtuka.

Pennsylvania haikuwa na gavana mpaka mwaka 1790. Ilikuwa na baraza kuu la utendaji, na rais wa baraza hilo kuanzia Oktoba 1785 hadi 1788 alikuwa Benjamin Franklin, mzee wa karibu miaka 80 alipoanza. Alisaini hati nyingi za malipo. Zilielekezwa kwa mweka hazina wa jimbo, David Rittenhouse, yule mwanafalaki, na nyuma yake kulikuwa na ukaguzi wa John Nicholson, mdhibiti mkuu wa hesabu. Huko Virginia nako tarehe peke yake hutosha kukuokoa. Thomas Jefferson alikuwa gavana kuanzia Juni 1779 hadi Juni 1781, basi. Hati ya kumilikisha ardhi ya vuli ya 1781 yenye jina lake kama gavana haiwezekani, hata wino uwe mzuri kiasi gani.

Turudi kwenye karatasi yako, maana ni aina ninayoipenda kuliko hizo za wakubwa.

Connecticut haikuwa na fedha taslimu ya kuwalipa askari wake wa vita vya uhuru. Kilichotoka Pay-Table kilikuwa ahadi: karatasi inayomwambia mweka hazina, John Lawrence, kwamba fulani wa rejimenti fulani anadai kiasi fulani, na mara nyingi deni lenyewe likageuzwa kuwa hati ya mkopo ya kulipwa miaka ya mbele pamoja na riba. Askari aliyerudi nyumbani, shamba limejaa magugu na watoto wana njaa, hakuweza kuingoja miaka hiyo. Aliiuza kwa bei ya kutupa. Walanguzi wakazinunua kwa mafungu. Mwaka 1790 Hamilton alipopitisha sheria ya serikali kuu kubeba madeni ya majimbo, hadi dola milioni 21.5, wengi waliofaidika hawakuwa wale waliovaa sare. Huo ulikuwa ugomvi mkubwa wa kisiasa wa miaka ile, nawe utaushika kwenye kipande cha karatasi kinachoingia kwenye bahasha ndefu.

Ndiyo maana nakuomba uigeuze. Mbele ya hati kuna serikali inavyotaka kusema. Nyuma kuna kilichotokea. Nyuma utakuta maneno ya askari kukabidhi haki yake kwa mwingine, saini ya aliyepokea, au alama ya X pamoja na jina la shahidi, kama hakujua kuandika. Utakuta muhtasari wa karani kwenye mkunjo wa nje: jina, kiasi, namba. Hati hizo zilikunjwa na kusimamishwa kwenye visanduku, na karani aliandika muhtasari mahali atakapousoma bila kufungua. Mghushi anayetaka kukuuzia saini mara nyingi huacha nyuma patupu, au huandika muhtasari mahali pasipolingana na mkunjo.

Ule msalaba wa kisu usikutie wasiwasi. Ni kufuta. Karatasi ikishalipwa au kubadilishwa, ofisi iliikata, au kuitoboa tundu, ili mtu asirudi nayo kudai mara ya pili. Wakusanyaji wameizoea. Kinachopunguza bei ni kisu kupita katikati ya saini kuu. Kikipita kwenye maandishi ya kawaida, bei haiyumbi sana. Angalia tu kama kuna mtu aliyejaribu kuficha mkato kwa kubandika utepe wa plastiki nyuma. Gundi ya utepe huo hugeuka njano, huingia kwenye nyuzi za karatasi, na haitoki bila fundi.

Pauni na shilingi nazo zisikuchanganye. Hiyo ilikuwa hesabu ya vitabuni, na kila jimbo na yake. Kilichokuwa kikizunguka mkononi zaidi ni dola ya fedha ya Kihispania, ndugu ya ile ambayo wazee wetu wa pwani waliiita reale ya mzinga. Connecticut na Massachusetts walihesabu shilingi 6 kwa dola moja hiyo, New York shilingi 8, Pennsylvania 7 na nusu. Kwa hiyo pauni 12 na shilingi 6 za Connecticut ni dola 41. Mtu akikuuzia hati ya New York yenye hesabu ya shilingi 6, muulize kwa nini.

Na soma jina la askari. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu wauzaji wengi wakishaona Wolcott hawasomi tena. Connecticut ilikuwa na askari Weusi wengi, wengine watumwa waliopigania uhuru wao pamoja na wa nchi. Mwishoni mwa vita kulikuwa na kombania nzima ya askari Weusi katika rejimenti ya Nne, chini ya Kapteni David Humphreys, na kwenye orodha yake utakuta majina kama Pomp Liberty, Cuff Liberty na Dick Freedom. Yumo pia Jack Arabas, aliyeingia jeshini mwaka 1777 badala ya mtoto wa bwana wake. Vita vilipokwisha bwana akamtaka arudi utumwani, Arabas akakimbia, akakamatwa, na mwaka 1784 mahakama huko New Haven ikamwachia huru kwa sababu ya utumishi wake jeshini. Hati ya malipo ya mmoja wa watu hawa huwa na thamani kubwa kuliko saini ya Wolcott mwana, na kwa maoni yangu inastahili. Ila kuwa mwangalifu: siku hizi kila askari aitwaye Prince au Caesar hutangazwa kuwa Mweusi bila uthibitisho. Jina peke yake halitoshi. Linganisha rejimenti, kombania na mwaka na orodha za askari wa Connecticut zilizochapishwa na jimbo mwaka 1889.

Kuhusu uhalisi wa karatasi na wino, mengi unaweza kuyaona mwenyewe kwa kioo cha kukuzia na taa ndogo. Karatasi ya mwaka 1782 ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, siyo kwa miti. Ishike mbele ya dirisha: utaona mistari myembamba iliyobanana, na mingine inayoikata ikiwa mbalimbali, alama za waya za fremu iliyochotea rojo; mara nyingine utaona na alama ya maji ya mtengenezaji. Karatasi hiyo hubaki laini na imara. Ile inayovunjika pembeni kama chapati iliyokauka na kunuka tindikali ni ya miti, ya karne ya 19 iliyosogea au ya 20. Wino ulipikwa kwa vinundu vya mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya arabuni. Huanza mweusi, na kwa miaka huelekea kahawia; mahali kalamu ya unyoya ilipobonyezwa sana huweza kuila karatasi mpaka ukaonekana nyuma. Utaona pia mwandiko ukikolea kila kalamu ilipochovywa upya, kisha ukififia taratibu mpaka kuchovya kwingine. Saini iliyochapwa kwa mashine haina pumzi hiyo.

Taa ya zambarau ya kukagulia noti, ile ya benki, ni silaha ya bei rahisi. Karatasi za kisasa nyingi, kuanzia miaka ya 1950 hivi, zina kemikali ya kung'arisha na huwaka buluu chini ya taa hiyo. Wino wa chuma hubaki mweusi tii. Jaribio hili halithibitishi kwamba kitu ni cha kale. Linakuonyesha tu kilicho kipya, na hiyo ni nusu ya kazi.

Nusu iliyobaki ni ngumu zaidi, kwa sababu waghushi wazuri walitumia karatasi ya kale kweli. Robert Spring, Mwingereza aliyehamia Philadelphia karne ya 19, alichomoa kurasa tupu kwenye vitabu vya zamani na kuandika juu yake hati za George Washington; leo hata ghushi zake zina wakusanyaji. Joseph Cosey ndiye anayekuhusu zaidi. Mwaka 1929 aliiba kwenye Maktaba ya Bunge, Washington, hati ya malipo ya mwaka 1786 yenye saini ya Franklin, zile zile nilizokueleza za Pennsylvania. Inasimuliwa kwamba alipoipeleka kwa mnunuzi akaambiwa ni bandia. Kwa hasira akajifunza mkono wa Lincoln na kumrudia mnunuzi yule yule na bandia ya kweli, ikanunuliwa kwa dola 10. Baada ya hapo hakuacha. Ghushi zake za Franklin na Jefferson bado zinazunguka sokoni, na zinamdanganya mtu anayeangalia saini peke yake.

Ukipewa "cheti cha uhalisi", uliza nani amekitoa na kama atarudisha fedha miaka mitano baadaye. Cheti kinaweza kuchapwa na yeyote mwenye printa. Risiti yenye jina la muuzaji, maelezo kamili ya hati, na ahadi ya maandishi kwamba ikithibitika bandia fedha inarudi, hiyo ndiyo karatasi ya kudai. Asiyetaka kuiandika anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu kumiliki. Umeuliza swali ambalo wakusanyaji wengi wa Marekani hawaliulizi mpaka polisi wabishe hodi. Hakuna sheria inayokataza mtu binafsi kumiliki hati iliyowahi kutoka serikalini. Swali ni ilitokaje. Hati za cheo, za kumilikisha ardhi, leseni, hati za kuachishwa jeshi: hizo zilitengenezwa ili apewe mwananchi, akaenda nazo nyumbani, na kilichomo kwenye sanduku la bibi yake ni mali ya ukoo. Kumbukumbu za mahakama, mihutasari ya baraza, barua alizopokea gavana ofisini, hizo zilitakiwa kubaki. Ukizikuta sokoni, kuna siku zilitoka kwa mlango ambao haukutakiwa kufunguliwa.

Mahakama zenyewe hazisemi kwa sauti moja. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ya North Carolina iliamuru mfanyabiashara mmoja arudishe hati mbili za mashtaka za 1767 na 1768 zilizosainiwa na William Hooper, ambaye baadaye alitia saini Azimio la Uhuru. Mfanyabiashara alikuwa amezinunua hadharani, kwenye mnada. Mahakama ikasema kumbukumbu ya mahakama haiachi kuwa mali ya umma kwa sababu tu karani fulani aliizembea. Jimbo hilo hilo lilipoteza nakala yake ya Sheria ya Haki (Bill of Rights, marekebisho ya kwanza ya katiba ya Marekani), moja ya zile Washington alizoyapelekea majimbo mwaka 1789. Askari wa jeshi la Sherman, jenerali wa Kaskazini, aliichukua Raleigh, mji mkuu wa jimbo, Aprili 1865, mwaka uliofuata ikauzwa Ohio kwa dola 5, na ikapatikana Philadelphia mwaka 2003 baada ya FBI kujifanya wanunuzi. Kinyume chake, mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikataa dai la South Carolina juu ya nyaraka 444 za magavana wake wa wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Zilikuwa mikononi mwa ukoo mmoja miaka 140, na jimbo halikuweza kuthibitisha kwamba ziliibwa. Mimi nafuata uamuzi mkali. Hata kama sheria ingekuacha, kitu chenye kesi hukiuzi kwa raha.

Hati yako ya Pay-Table iko katikati. Ilitoka kwa mdai, ikalipwa, ikarudi hazina ikakatwa. Lakini za aina hiyo zimeuzwa hadharani kwa miongo mingi, na katalogi za minada zimejaa. Mimi ningenunua, kwa sharti moja: isiwe na dalili ya kutoka kwenye ghala la nyaraka. Tafuta muhuri wa maktaba, hata uliofutwa ukaacha kivuli. Tafuta namba ya penseli au ya wino kwenye kona, ya mpangilio wa majalada, na ukingo wa kushoto uliokatwa kwa wembe, kana kwamba ilikuwa imejalidiwa. Angalia pia kama imefunikwa plastiki pande zote mbili. Tangu miaka ya 1930 ghala nyingi za Marekani zilizitia nyaraka zao laminesheni ya asetati, kwa njia ya William Barrow wa Virginia. Mtu binafsi hakuwa na mashine hiyo, kwa hiyo hati ya karne ya 18 yenye laminesheni ya namna hiyo inakuambia ilikolala. Wizi haujakwisha. Mwaka 2008 mtumishi wa Ghala la Nyaraka la Jimbo la New York alikamatwa kwa kuuza mtandaoni vitu alivyopewa kulinda, baada ya mkusanyaji mmoja wa Virginia kuona tangazo na kulitilia shaka. Ukitilia shaka kitu cha Connecticut, andikia Maktaba ya Jimbo, Hartford. Wanajibu.

Kukusanya kwa mfuko mdogo kunawezekana, ila achana na ndoto ya kukamilisha wote 56 waliotia saini Azimio. Button Gwinnett wa Georgia peke yake atakufilisi. Alikuwa mkuu wa jimbo lake miezi michache tu mwaka 1777, kisha akapigwa risasi kwenye pambano la watu wawili na kufa. Hati yenye saini yake iliuzwa New York mwaka 2010 kwa zaidi ya dola 700,000. Magavana wa Virginia walioishia kuwa marais nao wana bei zao: Jefferson ni maelfu mengi, ingawa James Monroe, gavana tangu 1799 hadi 1802, bado hupatikana kwa bei ya kustahimilika kwenye hati za ardhi. Pa kupita mtu wa kawaida ni kwa waweka hazina, makatibu na wadhibiti wa hesabu, kwa mfano wa Connecticut: John Lawrence, Peter Colt, Andrew Kingsbury, George Wyllys. Watu hawa waliliendesha jimbo kwa kalamu, saini zao ni nyingi, na kwa dola 100 mpaka 200 unapata hati inayosomeka na yenye kisa. Mtu akishika ofisi moja, tuseme hazina ya Connecticut tangu vita mpaka 1800, anaweza kujenga mkusanyo ambao hata maktaba itauheshimu. Kwenye minada kumbuka kwamba juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho dalali anapogonga nyundo, huongezwa ada ya mnunuzi, asilimia 20 na zaidi. Watu hulisahau hilo wakiwa wamepandwa na mori.

Kwenye matangazo utakutana na vifupisho. DS ni hati iliyochapwa au kuandikwa na karani, ikasainiwa na mkubwa. LS ni barua ya namna hiyo. ALS ni barua iliyoandikwa yote na mwenye saini, na huwa ghali zaidi. Jihadhari pia na hati za ardhi za serikali kuu zenye majina ya marais: kuanzia Machi 1833 sheria iliruhusu katibu asaini kwa niaba ya rais. Zote za Van Buren, Polk na waliofuata zimeandikwa na makatibu, hata kama tangazo limesema vingine.

Wewe una bahati ya mahali. American Antiquarian Society, iliyoanzishwa mwaka 1812 na mchapaji Isaiah Thomas, iko hapo hapo Worcester, na ina karatasi za Marekani za kabla ya 1877 kwa wingi wa kutisha. Jiandikishe kama msomaji, omba hati halisi za miaka ya 1780, zikae mbele yako saa nzima. Jicho likishashiba za kweli, bandia hulikera lenyewe. Na kwa kuwa wewe ni wa pwani: safari za meli za Salem kuja Unguja zimeacha karatasi nyingi huko huko Massachusetts. Richard Waters wa Salem alikuja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja mwaka 1837, miaka minne baada ya mkataba na Sayyid Said, na karatasi zake ziko kwenye maktaba ya Phillips ya jumba la makumbusho la Peabody Essex. Hizo si hati za maofisa wa majimbo, lakini ankara na mikataba ya bima ya wafanyabiashara wale hujitokeza sokoni mara moja moja, na wanunuzi wa Kimarekani huzipita bila kujua Unguja ni wapi.

Ukishainunua, usiibandike kwenye fremu ukutani. Piga picha nzuri, tundika picha. Yenyewe itie kwenye bahasha ya poliesta, siyo ya plastiki laini yenye harufu, ilale bapa ndani ya boksi lisilo na tindikali, chumba kikavu, mbali na jua. Usiipeleke Tanga kwa mzee kama zawadi mpaka uhakikishe ina mahali pakavu pa kukaa. Unyevu wa bahari na mende wa karatasi hawajali ilisainiwa na nani.

Jumamosi rudi dukani. Mwombe muuzaji aitoe kwenye plastiki, soma jina la askari na rejimenti yake, kisha igeuze. Tafuta "Jr." kwa kioo, pembeni ya mkia wa saini na kwenye mkato. Mwonyeshe kwa upole kwamba hii ni kazi ya Pay-Table na kwamba aliyekaa Pay-Table ni mwana. Anza na dola 150. Nyuma ikiwa imeandikwa vizuri, 250 si kosa. Akikataa kushuka chini ya 900, mshukuru na umwachie, maana minada ya Connecticut na Massachusetts huzileta hizi kila mwaka. Ila kama jina la askari lina Liberty au Freedom mwishoni, usijadiliane kabla hujaniandikia tena.